Gari Linasema Ta

Jumatatu, 10 Juni 2024
Matamba, saa kumi na mbili na robo asubuhi

Gari limekataa tena. Naandika nikiwa kwenye kiti cha dereva, blanketi magotini, na kila nikimaliza mstari naingiza mkono kwapani upate joto. Magunia tisa ya viazi yamepakiwa tangu jana jioni, mengine lumbesa, yamejazwa kupita mdomo (siyo mimi niliyeyashona). Utingo amekimbilia jikoni kwa mwenye nyumba kuota moto. Nimezungusha ufunguo, taa za dashibodi zikawaka zote, redio ikaimba, halafu chini ya boneti kikalia kitu kimoja tu: ta. Kama mtu aliyegonga sufuria kwa ukucha. Nikarudisha ufunguo, nikazungusha tena. Ta.

Mama mwenye nyumba ni Mnyakyusa aliyeolewa huku. Amepita na ndoo akanisalimu, "Ugonile." Kwao salamu ya asubuhi ni kuuliza kama umelala. Nikamjibu mimi nimelala, shida ni huyu mwenzangu ambaye haamki.

Nje majani yana sakitu. Huko juu Kitulo yatakuwa meupe kabisa.

Silii, kwa sababu jana nimeliegesha mteremkoni, pua ikitazama Chimala. Mwezi wa pili huu naishi hivi: nikifika mahali natafuta mteremko kwanza, salamu baadaye. Nafungua switchi, nakanyaga klachi, naweka gia ya pili, nashusha breki ya mkono. Likishapata mwendo wa mtu anayewahi basi naachia klachi ghafla. Hapo magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na gari linashtuka na kuwaka.

Chimala, usiku

Limewaka. Kona zote hamsini na saba tumezishuka bila kuzima, na hapa barabarani nimepakua viazi injini ikinguruma saa nzima, dizeli inaungua bure, maana uwanja wetu wa kupakulia ni tambarare kama sinia. Dereva mmoja wa lori la Zambia akapita akaniambia, "Dada, zima hilo gari, unatuvutisha moshi." Nikamwambia asukume yeye nikilizima. Akaenda zake.

Jumatano, 12 Juni

Nimempelekea fundi wa pale karibu na stendi. Hakufungua kitu. Alisikiliza ile ta, akatikisa kichwa, akasema, "Betri imekufa, mama." Nikanunua mpya, shilingi 280,000, fedha niliyokuwa nimeitenga kwa mbolea. Ile ya zamani akaichukua yeye kwa 20,000, akinionyesha kwamba ananisaidia kuitupa. Gari likawaka pale pale. Nikamshukuru mpaka nikamwachia mchele kilo tano.

Jumamosi, 15 Juni

Ta.

Betri ina siku tatu. Nimerudi kwa fundi yule yule, akasikiliza tena kwa kichwa kile kile, akasema sasa stata nayo imekufa, stata nzima, laki tatu na nusu, na anamjua mtu Mbeya anayo. Huyu kijana kila akisikiliza anatangaza msiba, na kila msiba mimi ndiye ninayelipia mazishi. Nimemwambia nitafikiri. Wakanisukuma vijana wanne, nikawapa elfu mbili wagawane.

Kaunta buku hili nililinunua kwa hesabu za viazi. Kuanzia leo kurasa za nyuma ni za gari. Kidato cha nne nilipata D ya Fizikia, siyo F, na sioni kwa nini nife kwa kitu ambacho mtoto wa watu amejifunza chini ya mwembe.

Jumapili, 16 Juni

Kijana wangu yuko likizo, anaingia muhula wa pili wa kidato cha tatu. Baada ya kanisa nimemwambia anieleze stata. Hakueleza, alichukua msumari wa inchi nne, akauzungushia waya mwembamba wa shaba alioutoa kwenye redio mbovu, mizunguko mingi hata nikachoka kuangalia, akagusisha ncha mbili za waya kwenye betri ya tochi. Msumari ukanyanyua pini zangu za nywele. Akaachia waya, pini zikaanguka.

"Ndiyo solenoidi hiyo, mama. Ila kwenye gari msumari uko huru, sumaku inauvuta kwa ndani. Ile ta unayoisikia ni msumari umefika mwisho wa safari."

Kisha akanichorea njia mbili za umeme, nami nazinakili hapa kwa maneno.

Njia ya kwanza ni nyembamba. Inatoka betri, inapita kwenye switchi ya ufunguo, inakwenda kwenye solenoidi iliyo mgongoni mwa stata. Njia ya pili ni nene. Waya wake ni kama kidole, unatoka betri moja kwa moja mpaka kwenye stata na haupiti kwenye ufunguo kabisa. Ndani ya stata njia hii nene imekatwa katikati, kuna vipande viwili vya shaba vinatazamana bila kugusana. Ule msumari una kisahani cha shaba mkiani. Sumaku ikiuvuta, kisahani kinatua juu ya vipande vyote viwili kama daraja, na hapo ndipo umeme mkubwa unapovuka kwenda kuzungusha mota. Msumari huo huo, kwa upande wa pili, unasukuma kigia kidogo mbele kikashike meno ya flaiwili, lile gurudumu kubwa la chuma lililo nyuma ya injini.

Miaka yote nilidhani mkono wangu ndio unaowasha gari. Ufunguo unapeleka salamu tu.

Nikamuuliza kwa nini taa zinawaka vizuri kama kuna ubovu. Akasema taa kubwa zote mbili zinakula ampia kama kumi. Stata ya dizeli kama yetu inaweza kula mia mbili na zaidi kwa zile sekunde chache. Njia iliyoharibika inaweza kupitisha kumi bila kuonyesha chochote.

Hapo nikaelewa kuliko alivyodhani. Ninaye mteja wangu Uyole: ukimkopesha gunia moja anakulipa kabla jua halijazama, ukimkopesha kumi simu haipatikani. Hata umpe gunia moja kila siku mwaka mzima, hutamjua. Mimi nimekuwa nikiwasha taa na redio, najiambia umeme upo.

Jumamosi, 22 Juni

Nimeisafisha njia nene mwenyewe. Kwenye kichwa cha waya wa bodi, ule wa negativu, kulikuwa na unga mweupe wenye ukijani, na nati ilizunguka kwa vidole bila spana. Fundi aliweka betri ya laki mbili na themanini akashindwa kukaza nati!

Utaratibu, nisije nikasahau: fungua negativu kwanza, rudisha negativu mwisho. Bodi yote ya gari ni negativu, kwa hiyo ukianza na pozitivu spana ikigusa chuma itapiga shoti mkononi mwako. Maji ya moto yenye magadi, yanachemka povu yakikutana na ile asidi. Kausha. Msasa mpaka risasi ing'ae. Kaza. Paka grisi juu. Kisha fuata waya wa negativu mpaka unapofungwa kwenye injini, na pale pia msasa. Hapa watu wengi husahau, wanadhani umeme ni wa kwenda tu. Usiporudi betri, hata hautoki.

Limewaka mara sita mfululizo. Nimejisikia kama niliyepata A.

Jumanne, 25 Juni

Nimepeleka chakula shambani. Mpunga unavunwa Usangu nzima, na baba watoto alikuwa anavuta tela la magunia kwa pawatila. Nimeisikia ikiwaka mara elfu tangu enzi za Kilimo Kwanza, pawatila zilipojaa huku, lakini leo ndiyo mara ya kwanza nimeitazama inavyowashwa. Haina stata wala betri. Stata ni yeye.

Anaingiza hendeli ubavuni. Mkono wa kushoto unashika kijiti kidogo juu ya injini, wa kulia unazungusha. Kile kijiti kinaizuia valvu isifunge, hivyo hewa ndani ya silinda inatoka ovyo na injini inakuwa nyepesi. Anazungusha taratibu, kisha haraka, mpaka lile gurudumu zito lishike kasi lenyewe. Hapo anaachia kijiti. Valvu inafunga, hewa inabanwa kwa nguvu ya gurudumu, inapata moto wa kuwasha dizeli bila cheche yoyote, pu-pu-pu, na hendeli inateleza yenyewe kutoka kwenye jino lake kwa sababu jino limekatwa mshazari.

Nikamwambia arudie. Akazima akarudia, akidhani nampenda sana leo.

Pikapu yangu nayo ni dizeli. Hewa inabanwa iwe ndogo zaidi ya mara ishirini, mpaka joto lake litoshe kuwasha mafuta. Ndiyo sababu inataka stata yenye misuli, na ndiyo sababu asubuhi ya baridi nasubiri ile taa ya msokoto izime kwanza: hita ndogo ndani ya kila silinda zinakuwa nyekundu. Injini ikizungushwa polepole hewa inapoa na kuvuja kabla haijapata moto. Haitoshi izunguke. Lazima izunguke kwa kasi, mizunguko mia na hamsini au mia mbili kwa dakika, na hiyo hakuna mkono wa mtu utakaoimudu kwenye silinda nne bila kijiti.

Ijumaa, 28 Juni

Ta. Chimala, jua la saa saba, siyo baridi, siyo mlima. A yangu imerudi kuwa D.

Jumatano, 3 Julai

Nimepata fundi umeme, kijana wa upande wa reli, mpole, ana mita na hana haraka. Jambo la kwanza alilouliza: "Mama, linasema ta moja, au tatatata?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia moja.

"Basi betri haina kosa," akasema, na bado hajafungua boneti.

Alinieleza huku anatafuta pini za mita. Tatatata ni lugha ya betri iliyochoka. Solenoidi ina nyaya mbili zilizosukwa mmoja juu ya mwingine, mmoja mnene wa kuvuta msumari, mmoja mwembamba wa kuushikilia usirudi. Kisahani kikitua, ule wa kuvuta unapumzika, unabaki wa kushikilia peke yake. Sasa betri ikiwa dhaifu, mara mota inapoanza kula, volti zinaporomoka, mshikaji anakosa nguvu, springi inaurudisha msumari. Msumari ukirudi mota inaacha kula, volti zinapanda, msumari unavutwa tena. Ta, unaachia. Ta, unaachia. Mara kadhaa kwa sekunde. Ta moja iliyotulia maana yake msumari umevutwa na unashikiliwa vizuri kabisa. Njia nyembamba nzima. Ila daraja halipitishi.

Akaweka mita kwenye betri: 12.6, ndiyo shibe ya vyumba sita vya volti mbili na kitu kila kimoja. "Washa." Ta. Mita ikasoma 12.3.

"Umeona? Stata ikila, hapa lazima ishuke mpaka kumi na kitu. Ikishuka chini ya tisa na nusu, tungesema betri. Hii haijaguswa. Umeme umekaa nyumbani."

Kisha akahamisha pini kwenye stata yenyewe, pale waya mnene unapoingia. Ta. 12.3. Umeme umefika mlangoni. Akahamisha kwenye bolti ya pili, unapotoka kwenda kwenye mota. Ta. Sifuri, ikarukaruka, sifuri.

Kati ya bolti mbili zilizoachana kwa upana wa vidole vitatu! Laki mbili na themanini zangu zilipita mbali kabisa na hapo.

Nilimuuliza basi kwa nini siku ya betri mpya liliwaka, na siku ya msasa pia. Akasema kisahani kinazunguka kidogo kila kinaporudi, leo kinatua mahali pazima, kesho mahali pabovu. Ndiyo maana mafundi wanapata sifa wasizostahili. (Hakumtaja mtu. Wala mimi sikumtaja.)

Nikamuuliza pia baridi ya Matamba inahusika vipi. Baridi haikuleta ugonjwa, akasema, iliuongezea. Karibu na sifuri betri inapoteza kama theluthi ya nguvu zake, na wakati huo huo oili imekuwa nzito kama uji wa jana, injini inadai zaidi. Shaba iliyoungua inabanwa na pande zote mbili. Vifaa vipo Mbeya mjini. Ataleta wiki ijayo.

Jumapili, 7 Julai

Saba Saba. Nimepita Igurusi kwa mzee wetu mmoja ambaye ujanani alikuwa utingo. Nikampa shikamoo na kilo mbili za viazi, nikamsimulia kuhusu stata. Alicheka akakohoa, akaomba nimletee kiti nje.

Alianza kazi barabara hii ikiwa vumbi, baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965 na Zambia kukatiwa njia ya mafuta ya kusini. Mapipa yakaanza kupita hapa. Gari lake la kwanza lilikuwa Bedford kuukuu ya petroli yenye hendeli mbele chini ya grili. Kazi ya hendeli ni ya utingo, dereva anakaa ndani na kofia yake.

"Nipe mkono, mwanangu." Akanikunja ngumi. Dole gumba akalitoa, akalilaza upande mmoja na vidole vingine. "Hivi. Ukilizungusha dole huku, injini ikipiga nyuma linakatika au mkono unavunjika. Na usisukume kwenda chini. Vuta kuja juu, ikipiga, hendeli inakukimbia kiganjani."

Akanionyesha kifundo chake cha mkono wa kulia. Hakijanyooka mpaka leo. Alijifunza la dole baada ya hapo.

Nimerudi nikasoma usiku kwenye simu. Magari mengi ya petroli yalikuwa ya hendeli, mpaka Charles Kettering wa Dayton, Ohio, alipotengeneza stata ya umeme ikafungwa kwenye Cadillac za mwaka 1912. Kilichonifurahisha ni alikotoka. Kabla ya hapo Kettering alikuwa kwenye kampuni ya mashine za kuhesabia fedha madukani, na ni yeye aliyeiwekea mashine hiyo mota ya umeme ifungue droo bila mhudumu kuzungusha mpini. Mota ile ilikuwa ndogo kuliko kazi yake. Ingefanya kazi mfululizo ingeungua. Lakini droo inafunguka mara moja na kukaa. Wengine waliokuwa wanawaza stata walipiga hesabu ya mota ya kufanya kazi siku nzima, wakaona itakuwa kubwa kama injini yenyewe. Yeye akaona injini nayo ni droo tu: ikishafunguka, mota ipumzike.

Kwa hiyo stata yangu ni kitoto kilichobebeshwa gunia kwa sekunde tatu. Ndiyo maana wanasema usishike ufunguo zaidi ya sekunde kumi, na ukikosa subiri nusu dakika. Siku za nyuma nilikuwa naishikilia mpaka nasikia harufu. Naandika hapa kwa aibu.

Jumamosi, 13 Julai

Stata imefunguliwa leo, juu ya gunia, kivulini. Nimekaa kigodani tangu saa tatu mpaka saa sita na sijajutia hata dakika.

Negativu ya betri ilitolewa kwanza. Bolti mbili za namba 17, nyaya mbili, stata ikatoka, nzito kama mtoto wa miezi mitatu. Fundi akaifungua nyuma kwa bisibisi ya nyota, kifuniko kikatoka, na kabla hajamaliza kusema "angalia gololi," gololi ikatoka. Kweli ni gololi, ya chuma, ukubwa wa punje ya harage. Inakaa kwenye tundu kati ya msumari wa solenoidi na fimbo inayosukuma kigia. Ikabiringika mpaka kwenye mchanga. Utingo alipiga magoti akaisaka robo saa. Bila hiyo gololi stata ingevuta, isisukume kitu.

Halafu akanionyesha mkosaji. Vipande viwili vya shaba. Kimoja, upande wa kuelekea kwenye mota, bado kina umbo lake. Kingine, kinachopokea waya wa betri, kimelika pembeni kama meno ya mzee, cheusi, na kimekuwa kifupi kuliko mwenzake kwa unene wa kucha. Kisahani kinatua kwenye kirefu, hakifiki kwenye kifupi. Daraja limejengwa ng'ambo moja. Kila tunapowasha na kuachia, cheche inaruka hapo, inang'oa shaba chembe kwa chembe, na gari hili lilitoka Japani kabla kijana wangu hajazaliwa.

Nikaomba anionyeshe mengine yote wakati liko wazi. Kaboni nne, zile zinazopeleka umeme kwenye amecha inayozunguka: bado ndefu. Amecha haijaungua, shaba zake zimefifia tu, akazipitishia msasa laini. Kuna gia ya katikati, maana stata za aina hii mota yake inazunguka kasi sana kisha gia inapunguza kasi na kuongeza nguvu. Na bendiksi, hicho kigia cha mbele. Akanipa mkononi nikizungushe: upande mmoja kinateleza, upande wa pili kinagoma. Nikasema kimeharibika. Akacheka. Ndivyo kinavyotakiwa. Injini ikishawaka, flaiwili yenye meno zaidi ya mia inaanza kukizungusha kigia chenye meno kama kumi. Injini ikiwa na mizunguko elfu moja, kigia kinakwenda elfu kumi na zaidi, na kama kingeshikana na mota, amecha ingepasuka nyaya zake nje. Kwa hiyo kinasukuma, lakini hakikubali kusukumwa.

Nimetamani kuwa na jino kama hilo kwa baadhi ya wateja.

Vipande vipya viwili na msumari mpya wenye kisahani: 25,000. Ufundi 30,000. Kabla hajairudisha aliijaribia chini kwa nyaya za kubusti, akiikanyaga kwa mguu. Nikamuuliza kwa nini aikanyage. Akaniambia nisubiri. Ilipopigwa umeme iliruka kama samaki aliyetolewa majini, na mguu wake juu yake.

Vile vya zamani nimevidai. Viko kwenye kopo la chenji.

Jumanne, 16 Julai
Matamba, saa kumi na mbili kasoro

Jana jioni nilifanya kusudi. Nimeliegesha nyuma ya ghala, tambarare, pua kwenye ukuta, magunia kumi mgongoni. Mteremko uko upande wa pili wa uwanja. Usiku niliamka mara mbili kulitazama dirishani.

Asubuhi hii kuna sakitu mpaka kwenye kioo. Nikafungua switchi, taa ya msokoto ikawaka, nikahesabu mpaka ikazima, nikaongeza tano kwa ajili ya baridi. Klachi chini, ili gia za gari zisimzidishie mtoto mzigo. Nikazungusha.

Ta ilikuwepo. Ipo kila siku, kumbe, ila inamezwa na kinachofuata. Injini ilizunguka nzito mara tatu, mara nne, ikashika.

Utingo hakuwa ameambiwa. Alikuwa ameshasimama nyuma kwa mazoea, mikono kwenye bodi, mguu mmoja nyuma tayari kusukuma, na moshi wote wa kwanza wa asubuhi ukamwishia usoni. Akaja dirishani anakohoa, machozi yanamtoka, ananiuliza kama kuanzia leo posho ya kusukuma imefutwa.